Vazi Lililouliza Habari

Vazi lilimuuliza Nyamizi habari za mwili, na Nyamizi akajibu, "Nzuri."

Likamrusha tena.

Kalunde alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, unga umemgandia kwenye kucha, anamtazama binti yake akiruka kamba isiyokuwepo. Juu, chini. Juu, chini. Vazi la kijivu lilikuwa limembana mtoto tangu shingoni hadi nyayoni kama ngozi ya pili, na ndani yake zilipita nyuzi nyembamba zinazojikaza na kulegea zenyewe, kama misuli ya mtu mwingine. Nyuzi za magotini zikivuta, magoti yanakunjuka. Za kwapani zikivuta, mikono inapaa. Tuseme kweli: mtoto haruki, anarushwa. Nyamizi mwenyewe alikuwa anautazama ukuta, kimya, kama abiria aliyepakiwa kwenye mwili wake na hajui unakokwenda.

"Nyamizi," likauliza tena vazi, kwa ile sauti yake ya kike iliyopakwa asali, "habari za mwili?"

"Nzuri."

"Hongera sana! Haya, twende tena."

Jua lilikuwa limeanza kulegea, na watu wa ghorofa lile walikuwa wametoka varandani kupunga upepo. Mwisho wa varanda, Shija, mtoto wa jirani, naye alikuwa anarushwa na vazi lake. Mama yake ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi vitamu vya kukausha matobolwa, mdomo haupumziki.

"Mama Nyamizi, ugali unaungua huko ndani! Umeganda kama umemwona jini."

"Acha uungue. Njoo uangalie miguu ya huyu mtoto."

"Ina nini? Si inaruka? Na wa kwangu anaruka. Waache waruke, shoga yangu, tulale." Akawageukia majirani. "Mwenzenu huyu alizoea kukesha. Usingizi umempata ukubwani, sasa unamwasha kama upupu!"

Wakacheka. Kalunde hakucheka. Alikuwa ameona kitu. Kila mara vazi lilipompumzisha Nyamizi kidogo ili avute pumzi, kichwa cha mtoto kiliinama upande wa kushoto, kikitafuta bega. Hakikufika. Ukosi mgumu wa vazi ulikizuia. Kinainama, kinagonga ukosi, kinarudi. Kinainama, kinagonga, kinarudi.

Nyamizi akichoka husugua sikio begani. Tangu alipokuwa ananyonya. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua hivyo isipokuwa mama yake, na vazi lilikuwa limeshonwa na watu ambao hawakuuliza.

Kalunde akatupa mwiko, akaenda kubonyeza kitufe cha mgongoni.

"Mazoezi hayajakamilika," vazi likasema, sauti bado tamu. "Usingizi wa leo hauna dhamana."

"Nyamaza, mbwa wewe," Kalunde akaliambia, na akaanza kufungua vifungo.

Mguu wa kulia ulitoka umevimba juu ya vidole, ngozi imenyooka na kung'aa, ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Alikosaje kuona? Nyamizi tangu aanze kutembea hutembea kwa ncha za vidole, kisigino hewani, kama anayenyatia kuku. Mtoto wa namna hiyo akichechemea utamjuaje? Na asubuhi, akiwa hajavalishwa, alikuwa anakaa tu. Walimu walisema ametulia. Baba yake alisema ametulia. Kila mtu alisema ametulia, na neno hilo likawa kama blanketi alilofunikwa mgonjwa usoni.

Kalunde akabonyeza palipovimba, taratibu.

"Nzuri," Nyamizi akasema. Machozi yakamwagika. "Nzuri. Nzuri."

"Nani kakuuliza habari, mwanangu?" Kalunde akanong'ona. "Nani kakuuliza?"

*

Ili uelewe kwa nini watu wa Isenga Mpya waliupenda usingizi kuliko ng'ombe, lazima kwanza ulijue jua lao. Jua la miaka ile lilikuwa limeota pembe. Chai ya asubuhi ikishanyweka, hakuna anayethubutu kukaa nje. Mijusi wenyewe walikuwa wanahama kuta. Basi kazi zote za nguvu zilianza gizani, na anayeendesha mtambo alitakiwa awe amelala vizuri. Siku moja mwendesha winchi mmoja, aliyekeshwa na muziki wa jirani, alisinzia na kuangusha mzigo juu ya watu wanaojenga tangi la maji. Tangu msiba ule, Halmashauri ya mji ikaweka masikio ukutani. Kila chumba, kidude kama kizibo cha soda. Saa za kulala zikifika na kelele ikizidi, kinawaka chekundu. Kikiwaka mara kwa mara, familia inahamishiwa Mabandani.

Mabandani ni yale mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku, nje ya mji. Fikiri mwenyewe. Nyumba iliyojengwa makusudi ili iwe ya moto, ndimo walimowekwa watu.

Na Nyamizi alikuwa mtoto wa usonji asiyelala. Alizunguka chumba akipapasa kuta, akacheka peke yake, akagonga bomba kwa kijiko hadi bomba likawa na sauti. Hakuwa mtundu. Usingizi ulimpita tu, kama mgeni anayepita nyumba asiyoijua. Baba yake, Maganga, aliendesha mtambo wa kuchimba mitaro ya maji, na alikuwa anaondoka kazini macho mekundu kuliko lile sikio la ukutani.

Dawa ya kwanza aliigundua Kalunde mwenyewe, tena kwa bahati. Alikuwa anafyatua matofali kwenye shimo la udongo nyuma ya soko, akiwa amemfunga Nyamizi kamba ya kiunoni asipotee. Siku moja mtoto akaingia shimoni, akaanza kukanyaga udongo. Chwa, chwa, chwa. Alikanyaga tangu alfajiri hadi jua lilipoanza kuuma, udongo umemfika magotini, umemshika, unamwachia. Alicheka kicheko ambacho Kalunde hakuwahi kukisikia. Aliposhiba alitoka mwenyewe, akakaa pembeni, akasugua sikio begani. Na jioni ile akalala. Si kila siku alilala, msije mkasema napamba hadithi. Lakini siku za udongo zilikuwa na usingizi kuliko siku zisizo na udongo, na siku za usingizi mtoto alimtazama mama yake machoni.

Kisha mji ukaleta mashine zinazomwaga kuta nzima kwa siku moja. Nani anataka tofali? Shimo likafukiwa. Kutwanga kwenye kinu kulikatazwa ghorofani. Kukimbia nje, jua. Kukimbia varandani, majirani.

Hapo ndipo wakaja watu wa Kituo cha Usingizi cha Halmashauri na mavazi yao ya Tulizo. Walisema mtoto wa usonji akiushughulisha mwili mchana, usiku hulala vizuri zaidi. Hawakudanganya. Hapo ndipo uchungu ulipo, hawakudanganya! Walichukua jambo la kweli, ambalo mama yeyote mwenye mtoto wa namna ile angeweza kuwaambia, wakaling'oa moyo wake, wakalishonea nyuzi.

Nyamizi akalala. Maganga akalala. Kalunde akalala hadi akaota, na kwenye ndoto alikuwa amelala.

*

"Mfupa una ufa," alisema daktari wa zahanati, akiinua picha kwenye mwanga. Alikuwa mtu wa makamo, shati limeloa mgongoni. "Haya tulikuwa tunayaona kwa makuruti jeshini. Mtu analazimishwa mwendo, mwili unasema basi, mkufunzi anasema bado. Huyu mtoto anakimbizwa na nani?"

"Na Halmashauri."

Daktari akatazama mlangoni. Akaishusha picha. "Asikanyagie huo mguu mpaka nimwone tena. Na mimi, mama, sijasema kitu."

"Umesema mfupa una ufa."

"Hilo nimesema. Hayo ya jeshini sikusema."

Nyumbani Maganga alikaa kitandani, mguu wa binti yake uliofungwa bandeji umelala mapajani mwake. Aliushika kama anavyoshika mtu yai. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomkera Kalunde siku hiyo.

"Apone kwanza," alisema. "Akishapona, tumvalishe tena. Kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ya nani? Yako, yake, au ya hilo dude?"

"Kalunde, usinifokee. Na mimi ni mzazi."

"Basi kuwa mzazi."

Maganga akainyoosha bandeji kwa kidole. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Kabla ya vazi, kuna siku niliamka mtambo umeingia mtaroni. Niliamka, Kalunde. Maana yake nilikuwa nimelala usukani. Mbele ya mtaro kulikuwa na vijana wanakunywa chai. Sikukwambia."

Kalunde akaketi kando yake.

"Nikiua watu, utakuja kuniona gerezani na huyu mkononi? Na tukienda Mabandani, kwenye joto lile, yeye ndiye atapona huo mguu? Sisemi vazi ni zuri. Nasema nyumba hii ina watu watatu."

"Na mmoja ndiye anayelipia usingizi wa wote."

"Ndiyo," alisema Maganga. "Najua. Unadhani sijui?"

Hiyo ndiyo iliyomkata maini. Si kwamba mumewe hakuelewa. Alielewa, na bado alitaka kulala.

*

Mwisho wa kila wiki mavazi yalipelekwa kituoni kukazwa nyuzi. Foleni ilianza kabla jua halijachomoza, akina mama wamejitanda kanga, watoto ndani ya mavazi wamesimama wima kama askari wa sanamu. Kalunde alipita pembeni ya foleni, Nyamizi mgongoni ingawa miguu yake mirefu ilikuwa inaning'inia, vazi limeviringishwa kwapani.

"Foleni ipo, mama!" mtu akapiga kelele.

"Sikuja kwenye foleni."

Msimamizi wa kituo alikuwa binti mmoja aitwaye Prisca, mzaliwa wa palepale Isenga. Hakuwa mbaya. Ndiye aliyemfunga Nyamizi vifungo mara ya kwanza, akimwimbia ili asiogope. Alisimama, akatabasamu, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama Nyamizi! Habari za nyumbani?"

"Mbaya."

Prisca akacheka kidogo, akidhani ni utani. Hata mlinzi aliyekuwa mlangoni aligeuka kutazama. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kusikia mtu mzima akiijibu salamu namna ile.

"Umeshtuka?" Kalunde akauliza, akimkalisha Nyamizi kwenye kiti. "Umeona neno hilo lilivyo gumu? Haya, tazama mguu huu."

Prisca akatazama. Akapiga magoti kabisa, akaugusa. Kisha akarudi kwenye kioo chake cha mezani, akapekua kwa kidole, uso umekunjamana.

"Lakini mama, sielewi. Vazi linamuuliza mtoto kila baada ya mzunguko. Akisema anaumwa, linasimama lenyewe. Hapa linaonyesha ameulizwa kila mara. Na kila mara ameridhia."

"Ameridhia?"

"Ndiyo. Amejibu nzuri."

"Hakuridhia! Amesalimia!" Kalunde akapiga meza kwa kiganja. "Wewe mtoto umelelewa wapi? Mama yako akiwa hoi kitandani, jirani akiingia, 'habari za leo?', anajibu nini? Si anajibu nzuri? Msibani, maiti iko ndani, watu wanasalimiana vipi? Nzuri! Tunaanza na nzuri, ndipo tunasema 'ila'. Nzuri, ila homa haijashuka. Nzuri, ila mtoto wetu hatunaye. Ukweli wetu wote unakaa nyuma ya ila, na kila mtu anajua kuisubiri. Mwanangu nimemfundisha 'nzuri' miaka, Prisca. Miaka! Neno lake la kwanza la kumjibu binadamu. Hiyo 'ila' hajaifikia. Na dude lenu likisikia nzuri, linasema hongera, linamvunja mfupa!"

Nyamizi aliziba masikio, akaanza kujitikisa. Kalunde akashusha sauti, ila hasira haikushuka.

Prisca alikuwa amekaa. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Lilipoletwa, swali lilikuwa jingine," alisema polepole. "Lilikuwa linauliza, 'Unaumia wapi?' Tukakaa hapa kikao. Tukasema, jamani, utamwanzaje mtoto wa watu swali kavukavu bila kumsalimu? Si adabu. Tukaliondoa, tukaweka salamu." Akautazama mguu wa Nyamizi. "Mimi ndiye niliyependekeza. Wote walipiga makofi."

Kwa muda mfupi hawakuwa mama na msimamizi, walikuwa wanawake wawili wa Isenga wanaotazama adabu yao wenyewe ikiwa imekaa pale kwenye kiti na mguu wa bandeji. Kisha Prisca akakumbuka kazi yake.

"Tunalirekebisha," akasema haraka. "La kwako, leo hii. Nyamizi akichoka hufanyaje? Kila mtoto ana alama yake. Niambie, nalifundisha vazi lake. Likiiona, linasimama. Ukosi tutaulegeza. Akipona mguu anaendelea, na nyumba mnabaki nayo."

"Na wengine?"

"Wengine… hilo linataka kikao. Tathmini. Litafika."

"Nje kuna foleni imezunguka jengo. Watoto wamevaa."

"Mama Nyamizi, nisikilize." Prisca akainama mezani, na sasa alikuwa anasihi. "Ukitoka ukawaambia, watayavua. Wote. Na leo usiku taa nyekundu zitawaka mtaa mzima. Mama Shija, ana ilani ya kuhamishwa tayari. Shija akivuliwa, wanahama. Unalijua joto la Mabandani kwa mtoto kama yule? Utampokea wewe? Nipe muda nibadilishe swali kimyakimya, mtoto mmoja mmoja, na hakuna atakayefukuzwa. Nakuomba kama mdogo wako."

Maneno yake hayakuwa ya uongo, na Kalunde aliyasikia yakimwingia. Alimwona Maganga usukani, kidevu kifuani. Aliliona banda la tumbaku na mabati yake. Akamwona Nyamizi amelala, midomo wazi, mkono chini ya shavu, kama walivyolala watoto wote duniani ambao mama zao hawakuhitaji kufika ofisini kwa mtu. Neno moja tu. Sikio, bega. Angelisema, angeondoka na mtoto wake amepona na nyumba yake ipo. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Nikikwambia alama yake," akasema, "litasimama kila mara akiifanya?"

"Kila mara." Prisca akasita. "Kwa kiwango. Tutaweka ukomo kidogo, maana watoto wengine hujifunza kuifanya ili wakwepe. Mazoezi yasipofika, usingizi haufiki."

Kalunde akaliachia vazi kutoka kwapani, likaanguka.

"Kwa hiyo mwanangu akisema nimechoka, ninyi ndio mtakaoamua kama kweli kachoka."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, mdogo wangu, ila umesema kwa adabu."

Akainama, akamwinua Nyamizi mgongoni. Vazi akaliacha chini sakafuni, limejikunja, sauti yake ndogo ikiuliza hewa habari za mwili.

"Mama, ukitoka hivyo siwezi kukulinda," Prisca akasema nyuma yake. "Nyumba yako itaingia kwenye orodha leo."

"Iingie."

*

Anga upande wa mashariki lilikuwa limeanza kupauka. Kalunde alishuka hadi ngazi ya chini kabisa, pale ambapo kila anayeingia lazima apite, akaketi. Akamweka Nyamizi ubavuni, akaufungua mguu bandeji, akaunyoosha mbele ya watu.

Hakuwa mtu wa kusema mbele ya umati. Darasa la saba lake lilikuwa la mtoto anayekaa nyuma. Lakini alisema.

"Akina mama. Kabla hamjaingia, mvueni mtoto viatu vya vazi. Mbonyeze hapa, juu ya vidole. Basi. Sisemi jingine."

"Kuna nini?"

"Mwanangu kavunjwa na hili vazi. Wa kwako sijui. Mbonyeze."

Minong'ono ikapita kwenye foleni. Mwanamke mmoja aliyebeba mkoba akamruka mguu bila kumtazama, akaingia na mwanawe. Mwingine akasema, "Usituletee nuksi asubuhi yote hii." Mwingine akauliza kwa sauti kama huyu siye yule mama wa mtoto wa bomba, aliyekuwa anawakesha watu, leo amepata wapi uchungu? Kalunde alisikia kila neno. Hakuna aliyemkasirisha kama alivyotarajia. Aliyaona macho yao. Yalikuwa macho ya watu waliolala, na waliokuwa tayari kupigana na yeyote atakayewaamsha.

Akafika Mama Shija.

"Shoga, inuka hapo unajitia aibu," alisema kwa sauti ya chini, si ya utani safari hii. Shija alisimama kando yake ndani ya vazi, anatazama mataa.

"Mvue viatu."

"Nikimvua nakwenda Mabandani. Unajua nina ilani."

"Najua. Na mimi nakwenda. Nimetoka kuambiwa sasa hivi."

"Unasema kirahisi."

"Sisemi kirahisi! Mbonyeze, Mama Shija. Nikiwa mwongo nitemee mate usoni mbele ya hawa wote."

Mama Shija akasonya. Akachuchumaa kwa hasira, kama mtu anayetaka kumaliza upuuzi ili aendelee na safari, akafungua kiatu kimoja, akaingiza kidole gumba juu ya vidole vya mwanawe, akabonyeza.

"Nzuri," akasema Shija.

"Umeona?" Mama Shija akamwambia Kalunde. "Nzuri. Anasema mwenyewe."

"Tazama mguu. Usisikilize mdomo, tazama mguu."

Akabonyeza tena. Safari hii Shija aliuvuta mguu nyuma, ghafla, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Na kabla haujafika, nyuzi za vazi zikajikaza, zikaunyoosha, zikaurudisha mbele kwenye kiganja cha mama yake. Mtoto akauvuta tena. Vazi likaurudisha tena.

"Shija," likasema, kwa asali, "habari za mwili?"

"Nzuri."

Mama Shija alibaki amechuchumaa, mguu wa mwanawe mkononi, anauona ukikataa na anauona ukilazimishwa. Kisha akapandisha mikono hadi kwenye ukosi, akaanza kuvuta. Vifungo vya kituo havikufunguka upesi. Akainama akavikamata kwa meno.

Foleni ikasogea karibu. Mwanamke mmoja nyuma akachuchumaa, na mwingine kando yake.

Mlinzi akashuka ngazi mbiombio, filimbi mdomoni. "Mama! Mama, acha! Unaharibu mali ya Halmashauri!"

Mama Shija akainua uso. Kifungo kilikuwa bado kati ya meno yake; akakitema ngazini, kikaruka na kubingirika hadi miguuni mwa kijana yule.

"Mali ya nani?" akauliza. "Sema tena, nikusikie vizuri. Mali ya nani?"